Mbwa wa Kunusa Dawa za Kulevya Shuleni: Mwongozo kwa Wakuu wa Shule na Bodi

Mbwa aliyefundishwa kunusa dawa za kulevya anapoketi mbele ya begi na kulikazia macho, anatoa taarifa moja tu: mahali hapa pana harufu mojawapo kati ya zile alizofundishwa. Hasemi begi ni la nani, hasemi kama dawa ingali humo au ilitolewa juzi, wala hasemi kama aliyelibeba ni mtumiaji, mchuuzi, au mtoto aliyeazimwa begi hilo na binamu yake asubuhi ya siku hiyo. Mkuu wa shule anayelielewa jambo hili tangu mwanzo anaweza kumtumia mbwa kwa manufaa. Asiyelielewa atajikuta amemkabidhi mnyama kazi ya hakimu, na atakayeumia ni mwanafunzi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale yanayofanyika kabla mbwa hajafika na baada ya yeye kutoa ishara, kwa kuwa huko ndiko shule nyingi hukosea.

Kabla ya kuomba mbwa

Jambo la kwanza ni kujua shule inapambana na kitu gani. Kusanya yale yanayojulikana kwa uhakika: mabaki ya misokoto yaliyookotwa nyuma ya vyoo, vifungashio vidogo vya plastiki, mwanafunzi aliyezidiwa akakimbizwa hospitali, malalamiko ya wazazi yenye maelezo mahususi. Uvumi pekee hautoshi. Orodha hii ni muhimu kwa sababu ya kiufundi ambayo watu wengi hawaijui: mbwa hunusa kila kitu, lakini hutoa ishara kwa harufu chache tu alizofundishwa. Kwa kawaida harufu hizo ni za bangi, heroini, kokeini na methamfetamini, na baadhi ya timu huongeza nyingine. Ikiwa tatizo la shule yako ni pombe, gundi, dawa ya kikohozi au vidonge vya kutuliza maumivu vinavyoibwa kwenye makabati ya dawa nyumbani, mbwa huyo atavipita bila kugeuza kichwa. Shule itabaki na faraja ya uongo kwamba imekaguliwa na kukutwa safi, na faraja hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na mbwa kabisa.

Jambo la pili ni sheria, na hapa usikubali kwenda kwa mazoea. Nchi hutofautiana sana, na hata ndani ya nchi moja mahakama zimewahi kutofautiana. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliyosikiliza kesi ya wilaya moja ya shule huko Texas iliamua mwaka 1982 kwamba kumpitisha mbwa kwenye makabati na magari ya wanafunzi si upekuzi kisheria, lakini kumfanya anuse miili ya wanafunzi ni upekuzi unaohitaji sababu ya msingi. Mwaka 1999 mahakama nyingine ya rufaa, katika kesi iliyotoka California, ilifikia msimamo kama huo kuhusu kunusa miili ya watoto.

Kesi ya Canada ya mwaka 2008 inafaa kusomwa na kila mkuu wa shule. Katika shule moja ya sekondari mjini Sarnia, mkuu wa shule alikuwa amewapa polisi ruhusa ya jumla ya kuleta mbwa wakati wowote wapendao. Mwaka 2002 walifika bila taarifa yoyote mahususi kuhusu mwanafunzi yeyote, wanafunzi wakazuiwa madarasani kwa karibu saa mbili, na mbwa akatoa ishara kwenye begi moja kati ya yale yaliyoachwa katika ukumbi wa mazoezi. Ndani yake kulikuwa na bangi na uyoga wa kulevya. Pamoja na hayo, Mahakama ya Juu iliona kwamba upekuzi ulivunja haki ya faragha ya mwanafunzi, na ushahidi ukakataliwa. Mbwa alikuwa sahihi kabisa, waliokosea ni watu waliomtuma. Pata basi ushauri wa mwanasheria kwa maandishi kuhusu maswali matatu: nani mwenye mamlaka ya kuruhusu upekuzi, mali gani ni ya shule na ipi ni ya mwanafunzi, na uwepo wa polisi unabadilisha nini. Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu katika nchi nyingi mwalimu akikagua kwa ajili ya usalama hupewa nafasi pana kuliko askari anayetafuta ushahidi wa kesi.

Jambo la tatu ni sera iliyoandikwa, na kila mzazi na mwanafunzi aisome kabla upekuzi wa kwanza haujafanyika. Sera itaje maeneo yatakayokaguliwa, ieleze kwamba hakuna mwanafunzi atakayenuswa mwilini, ifafanue hatua zitakazofuata ishara ya mbwa, na iseme wazi adhabu na msaada vitakavyotolewa. Tarehe haitangazwi, ila jambo lenyewe litangazwe. Ningependa pia kila sera iwe na mlango wa kujitokeza, yaani utaratibu ambao mwanafunzi anayetumia dawa anaweza kumwendea mshauri nasaha au muuguzi na kuomba msaada bila kufunguliwa shauri la nidhamu. Pasipo mlango huo, tangazo la mbwa huwafundisha watumiaji kuficha vizuri zaidi na kuhamishia matumizi nje ya geti, ambako hakuna mtu mzima wa kuwaona wakizidiwa.

Usisahau wanaoogopa mbwa, wenye pumu na mzio wa manyoya, na wanafunzi ambao dini yao inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Hawa wote wanahudumiwa kwa utaratibu mmoja: mbwa na wanafunzi wasikutane kamwe, na mbwa asiguse chakula, mikeka ya kuswalia wala nguo. Mwongoza mbwa mzuri hukubali masharti haya bila mabishano.

Kuchagua timu

Ninasema timu kwa makusudi, kwa kuwa mbwa hafanyi kazi peke yake. Yupo mtu anayeshika kamba, na mtu huyo anaweza kuharibu kazi ya pua bora kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walichapisha jaribio walilofanya na timu 18 za mbwa wa dawa za kulevya na milipuko. Waliwaambia waongoza mbwa kwamba kulikuwa na harufu iliyofichwa katika vyumba walivyokuwa wakikagua, na kwamba baadhi ya sehemu zilikuwa zimewekewa alama ya karatasi nyekundu. Kwa kweli hapakuwa na harufu yoyote mahali popote. Katika misako 144 iliyofanyika, ni 21 tu iliyomalizika bila ishara hata moja kuripotiwa, na penye karatasi nyekundu ndipo ishara zilipoongezeka. Imani ya binadamu ilikuwa imeshuka kupitia kwenye kamba, au ilikuwa imemfanya aone ishara ambayo mbwa hakuitoa.

Kwa hiyo, unapozungumza na kikosi au kampuni, omba kuona cheti kisichopitwa na muda, kisha uulize swali ambalo wengi hawaulizi: je, mbwa hufanyishwa mazoezi mahali ambapo hakuna kitu kilichofichwa, huku mwongozaji naye akiwa hajui? Mbwa ambaye kila zoezi lake huisha kwa kupata kitu hujifunza kwamba lazima kitu kipatikane. Rejista ya mazoezi inapaswa kuonyesha misako mitupu pamoja na makosa. Rejista isiyo na kosa hata moja inatia shaka.

Uliza pia mbwa hutoa ishara ya namna gani. Wapo wanaobweka na kukwaruza, na wapo wanaoketi, kulala au kuganda huku pua ikielekea kwenye chanzo cha harufu. Shuleni anafaa huyu wa pili peke yake. Labrado na spanieli wanapendwa kwa kazi hii kwa kuwa wana hamu kubwa ya kutafuta na mwonekano wao hautishi. Mbwa wa aina ya Mchungaji wa Kijerumani na Malinwa wana uwezo huohuo wa pua, lakini wengi wao hufundishwa pia kukamata watu kwa kung'ata, na mbwa aliyefundishwa kung'ata hana nafasi katika jengo lenye watoto.

Wazazi watakuuliza kama ni kweli mbwa hawa huzoeshwa dawa mpaka wakawa walevi wa kuzitafuta. Si kweli. Mbwa hajui dawa ni nini. Amefundishwa kwamba akiipata harufu fulani, mpira wake au taulo lake lililoviringishwa litatokea na atacheza. Kwake huu ni mchezo tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku yenyewe

Panga upekuzi wakati wa vipindi, eneo moja baada ya jingine. Wanafunzi wa darasa linalokaguliwa wanatoka na mwalimu wao na kwenda mahali penye shughuli ya kawaida, wakiacha mabegi juu ya madawati au wakiyapanga kwenye korido, hatua moja kati ya begi na begi, zipu zikiwa zimefungwa. Kila begi lipewe namba ya karatasi. Ofisi na chumba cha walimu vikaguliwe pia. Mwanafunzi akisikia kwamba begi la mwalimu wake lilipangwa kwenye mstari uleule, anauelewa upekuzi kwa namna nyingine kabisa.

Kabla mbwa hajaingia, mtu apite kuondoa vioo vilivyovunjika, mabaki ya chakula na, hasa, sumu ya panya. Zima feni dakika kadhaa kabla, kwa sababu upepo huihamisha harufu mbali na chanzo chake na mbwa anaweza kuishia kwenye begi la jirani. Andaa maji na kivuli. Mbwa hufanya kazi kwa ubora kwa dakika 20 hadi 40, kisha anahitaji kupumzika, na kwenye joto muda huo hupungua, kwa kuwa mbwa anayehema kwa mdomo wazi hanusi vizuri. Mwongozaji awe na namba ya daktari wa mifugo na, panaposhukiwa fentanili, dawa ya kulevya yenye nguvu sana ya jamii ya heroini, awe na naloksoni, dawa inayozuia sumu yake, kwani kiasi kidogo sana cha unga huo kinaweza kumwangusha mbwa.

Wakati wa upekuzi, simama mbali na utazame. Mbwa anaupita mstari kwa mwendo wa haraka, pumzi zake zikiwa fupi na za mfululizo, unazisikia kama mtu anayepuliza vumbi kwenye kitabu. Anapita begi la kwanza, la pili, la tano. Kwenye la saba mwili unaendelea mbele lakini kichwa kinabaki nyuma. Mkia uliokuwa ukipepea ovyo unabadilisha mwendo, mdomo unafumbwa, anarudi hatua mbili, anafuata mshono wa zipu kutoka chini kwenda juu, halafu anaketi na kutulia. Mtazame na mwongozaji pia. Je, alipunguza mwendo kabla ya mbwa kugeuka? Je, alimrudisha mara tatu kwenye begi lilelile, au aligonga begi kwa mkono? Yaandike unayoyaona. Kwa sababu hiyohiyo, mwongozaji asiambiwe ni begi la nani wala ni mwanafunzi gani anashukiwa.

Polisi wakiwepo, wasiwe na silaha mikononi. Mwaka 2003 katika shule moja huko South Carolina, askari waliingia na bunduki wakawalaza wanafunzi kwenye sakafu ya korido huku mbwa akikagua mabegi. Hakuna dawa iliyopatikana, na picha za kamera za shule zilienea nchi nzima.

Mbwa akiketi

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Ishara ikitolewa, andika namba ya begi, mbwa apewe zawadi yake, mstari uendelee hadi mwisho. Begi lisifunguliwe hapo.

Sababu ya tahadhari hii imo katika harufu yenyewe. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, huku ya binadamu ikiwa na milioni chache tu, na inachonusa mara nyingi si dawa yenyewe bali mvuke unaotoka kwayo. Katika kokeini, kwa mfano, mbwa wengi hufuata kemikali iitwayo methili benzoati, ambayo hutokea kokeini inapokutana na unyevu wa hewa. Mvuke hukaa kwenye kitambaa hata baada ya dawa kuondolewa. Huko New South Wales nchini Australia, mchunguzi rasmi wa malalamiko aliripoti mwaka 2006 kwamba, kati ya ishara 10,211 zilizotolewa na mbwa wa polisi kwa watu katika maeneo ya umma, dawa zilipatikana kwa asilimia 26 tu. Baadhi ya hao wengine huenda walikuwa wamezigusa dawa au kukaa karibu na wavutaji, lakini kwa mwanafunzi aliye mbele yako maana ni moja: inawezekana kabisa hana kitu.

Mwite mwanafunzi kwa njia isiyovuta macho. Hili nimejifunza kwa uchungu. Niliwahi kuwa shahidi katika upekuzi ambapo mvulana wa miaka 14 aliitwa jina lake kwa sauti mlangoni mwa darasa. Ndani ya begi lake kulikuwa na daftari, kiatu cha michezo na sweta la kaka yake mkubwa, na sweta hilo ndilo lililokuwa na harufu. Shule iliwaandikia wazazi barua ya kumsafisha, barua nzuri tu, lakini darasa halikuandikiwa barua, na muhula ule mzima wenzake walimwita kwa jina la bangi. Tangu hapo ninashauri waitwe wanafunzi kadhaa kwa pamoja, wakiwemo ambao mabegi yao hayakutolewa ishara, kwa kisingizio cha kawaida cha shule, na watakaozungumziwa mabegi yao wapelekwe chumba cha faragha mmoja mmoja.

Chumbani wawepo watu wazima wawili, na mmoja wao awe wa jinsia ya mwanafunzi. Mzazi apigiwe simu kabla begi halijafunguliwa, na pale sheria inapotaka awepo, asubiriwe. Mweleze mwanafunzi kilichotokea kwa maneno yasiyomhukumu, kama vile: "Mbwa ametoa ishara kwenye begi lako. Inaweza kuwa harufu tu. Tungependa ulifungue wewe mwenyewe." Mwache atoe vitu kwa mkono wake, kimoja kimoja. Akikataa, asishikwe wala kulazimishwa. Begi lifungwe kwa utepe mbele yake, lisainiwe, na hatua zinazofuata zichukuliwe kwa mujibu wa ushauri wa kisheria mlioupata mapema.

Kisipopatikana kitu, ishara imekwisha kazi yake. Usihamie mifukoni, na kamwe usihamie mwilini. Mwaka 1979 huko Highland, Indiana, mbwa alitoa ishara kwa msichana wa miaka 13, mifuko yake ikakaguliwa isipatikane kitu, na badala ya kuishia hapo akapelekwa chumba cha muuguzi akavuliwa nguo. Hakuwa na chochote. Ilikuja kujulikana kwamba asubuhi ile alicheza nyumbani na mbwa wake jike aliyekuwa katika kipindi cha kutaka dume, na kilichomvutia mbwa wa upekuzi kilikuwa hicho. Mahakama iliruhusu matumizi ya mbwa lakini ikalaani kuvuliwa nguo kwa mtoto yule. Mwambie mwanafunzi waziwazi kwamba hakuna kilichoonekana, mwombe radhi kwa usumbufu, mpigie mzazi tena wakati huohuo, na mhakikishie kwamba hakuna kitakachoandikwa kwenye jalada lake la nidhamu.

Dawa ikipatikana

Angalia kwanza uhai. Mwanafunzi akiwa na dalili za kulewa, au akisema amemeza kitu, huduma ya dharura ya afya hutangulia kila hatua nyingine. Kisha kitu kilichopatikana kisishikwe kwa mikono mitupu, kisinuswe wala kuonjwa. Kiwekwe kwenye bahasha inayofungika mbele ya mashahidi, waandike saa na majina yao, halafu kikabidhiwe kwa mamlaka kwa hati ya makabidhiano.

Baada ya hapo shule inabaki na uamuzi wake yenyewe, na hapa ninasimama upande mmoja. Mtoto aliyekutwa na msokoto mmoja na mtoto aliyekutwa na vifurushi 20 vilivyopimwa kwa ajili ya kuuza hawastahili shauri la aina moja. Kumfukuza yule wa kwanza ni kumtoa mahali pekee ambapo watu wazima humwona kila siku. Abaki chini ya mpango wa maandishi wa ushauri nasaha, mzazi akishiriki, na tarehe za kukutana zikiwekwa. Mwongozo wa kimataifa wa kinga uliotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 unaeleza kwamba kinachosaidia shuleni ni masomo ya stadi za maisha yanayomshirikisha mwanafunzi, ilhali mihadhara ya kutisha haijaonyesha matokeo. Ratiba ya mbwa isiyoambatana na masomo hayo isipitishwe na bodi.

Kumbukumbu

Baada ya kila upekuzi iandikwe taarifa fupi yenye idadi ya mabegi, idadi ya ishara, idadi ya ishara zilizothibitishwa, muda uliotumika na madarasa yaliyokaguliwa. Madarasa yachaguliwe kwa kura mbele ya mjumbe wa wazazi, vinginevyo baada ya mwaka mmoja utakuta darasa lilelile la wanafunzi wanaoonekana watukutu limekaguliwa mara nne na la wale watulivu halijaguswa. Ishara tatu kati ya nne zikikosa kuthibitishwa kila mara, badilisheni timu. Upekuzi wa mara mbili mfululizo usipopata kitu, bodi ikae na kujiuliza kama orodha ya awali ya tatizo ilikuwa sahihi.

Taarifa hiyo wasomewe wazazi ikiwa na takwimu pekee. Karatasi yenye namba za mabegi na majina ya wenyewe itunzwe na mtu mmoja kwenye kabati lenye kufuli, na majina ya wale ambao hakuna kilichopatikana kwao yafutwe kwa wino mweusi siku hiyohiyo, mbele ya shahidi, kabla ofisi haijafungwa.